Aliyeingia Kwenye Akaunti ya Mama

Chumba cha Kopi na Chapa,
Nyuma ya Posta.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Haraka,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo huko? Kikohozi kimeisha? Ulisema ghala mnalofanyia kazi lina baridi ya kugandisha samaki, nami tangu siku hiyo nakuwaza kila nikifungua friji. Vaa soksi nene na uache ubishi. Na kula, maana kwenye ile picha uliyotuma umebaki shingo na masikio.

Sisi huku wazima, ukiniuliza kwa haraka. Ukinikazia macho nitakwambia kweli kwamba mimi siko sawa. Usingizi umenipa kisogo, chakula hakipiti, na simu ikilia tu moyo unanipiga paa. Ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu na kumpa jirani yetu dereva wa lori, anayeanza safari ya kuja huko leo jioni. Amesema kesho atakuwa amefika. Simu sasa naiogopa, na tena ukuta wa chumba cha Mama ni mwembamba. Ninalolisema sebuleni analisikia akiwa kitandani.

Nianze na lile uliloniuliza mwezi uliopita. Ulitaka kujua kati ya tovuti ya benki ya zamani, ilipo akaunti ya Mama, na tovuti ya benki mpya anayoisifia dada yetu muuguzi, ni ipi ya kuaminiwa na pesa za matibabu. Dada alitaka tuzihamishe zote siku hiyo hiyo. Nikamwambia asubiri, nizichunguze kwanza hapa dukani, maana kompyuta ninazo na wateja wanaingia benki zao mbele ya macho yangu mchana kutwa.

Ya benki mpya ni tamu, sitasema uongo. Herufi kubwa, rangi za kupendeza, unaweka namba ya siri mara moja na ukirudi inakutambua yenyewe. Yule muuza mitumba wa jirani, ambaye hata bei za nguo zake anasomewa na wateja, aliitumia bila kuniita. Lakini utamu wenyewe ndio ulionitia woga. Kuna mwalimu alikuja kulipa ada ya mwanawe, akachapa risiti, akaaga na kwenda zake. Asubuhi nawasha kompyuta ile ile, tovuti inanisalimu kwa jina lake. Salio lake lote nje, na kitufe cha kutuma kipo hapo kinaningoja. Nilifunga haraka, kisha nikageuka kuangalia mlangoni kama kuna mtu ameniona. Utadhani mwizi ni mimi.

Ya zamani ni korofi. Herufi kama mayai ya chawa. Ukisitasita kidogo inakutoa nje, uanze upya. Unaandika nywila, kisha inatuma tarakimu kwenye simu ya Mama, kisha inauliza swali la siri. Mimi nikiwa dukani nampigia Mama anisomee hizo tarakimu, naye anazisoma taratibu kama anahesabu mayai ya mtu, mpaka muda unaisha na tunarudi mwanzo. Na ukiongeza mtu mpya wa kumtumia pesa, inakuweka siku kadhaa kabla ya kukuruhusu umtumie. Dada anasema hiyo si benki, ni usaili wa kazi. Mimi nikasema afadhali hiyo hiyo, mwizi atachoka kabla yetu.

Swali lenyewe la siri ni jina la utani la Mama alipokuwa mtoto. Sitaliandika hapa, unalijua. Wanaolijua ni sisi watoto wake, na shemeji yako pia kwa sababu mimi sina kifua. Hapo ndipo nilipojiona mjanja kweli kweli. Nani wa nje angelijua?

Basi Alhamisi niliingia kuangalia salio. Hospitali inataka malipo ya upasuaji yawe yamefika kabla ya Ijumaa hii, wasipoyaona wanampa nafasi mgonjwa mwingine, na daktari alishasema ule uvimbe tumboni usicheleweshwe. Tovuti ilipofunguka nikaona maneno yaliyoandikwa juu kabisa: mpokeaji mpya ameongezwa leo asubuhi, malipo kwake yataruhusiwa kuanzia Jumatatu. Jina limefichwa kwa nyota. Namba imefichwa, zimebaki tarakimu za mwisho. Benki yake ni ya nje ya nchi.

Mdogo wangu, kulikuwa na mteja anasubiri kopi zake, nikamtolea kurasa tupu akaondoka nazo. Nilikaa kwenye kiti nikayasoma yale maneno upya, moja moja.

Kwa sababu fikiria mwenyewe. Nywila imekubaliwa. Tarakimu zilikwenda kwenye simu ya Mama, inayokaa dirishani kwake. Swali limejibiwa sawasawa, mara moja, bila kukosea. Huyo si mwizi wa mtandaoni aliyeko kusikojulikana. Huyo ni mtu anayekula nyumbani kwangu, au mtu aliyelelewa na Mama pamoja nami. Kufuli nililolisifia kwa sababu linafunguka kwa watu wetu tu, ndilo lililoniambia kwamba aliyelifungua ni mtu wetu. Sijawahi kuogopa hivyo.

Nilipiga simu benki. Karani akaniuliza akaunti ni ya nani, nikamwambia ya mama yangu. Akasema basi azungumze mama yako. Nami nilikuwa nimekatazwa na daktari nisimshtue Mama kwa lolote. Nikakata simu.

Tangu hapo nyumba ikanigeukia. Kitindamimba wetu alikuwa na viatu vipya, nikavitazama mpaka akaniuliza kama navitaka. Shemeji yako pikipiki yake imekufa na alikuwa anatafuta pesa ya injini. Akiingia chumba cha Mama kumsalimia, na mimi nyuma yake. Akienda uani, namsikiliza anaongea na nani. Mwanamume niliyezaa naye, namvizia nyuma ya mlango wa choo! Nikaichukua simu ya Mama nikaitumbukiza kwenye debe la unga, na Mama akashinda anaitafuta chini ya mito.

Kisha nikaikumbuka ile benki ya nje ya nchi, na nikakuwaza wewe. Nakwambia wazi kwa sababu sitaki kukaa na jambo hili moyoni. Nilijiambia labda mambo yamekubana huko, labda umempigia Mama na kumlaghai akakusomea tarakimu. Ijumaa ulipopiga kutusalimia, sikupokea. Niliiangalia simu inaita mpaka ikanyamaza, nikalia.

Jana mchana Mama akaniita. Nilimkuta amekaa kitandani, amejifunga kanga yake vizuri, ana ule uso wake wa kuita watu wazima kama watoto. Akataka nimrudishie simu yake. Nikaona siwezi tena, nikapiga magoti na kumwambia polepole kwamba kuna mtu ameingia kwenye akaunti yake, ila asiogope, tutampata.

Akaniambia, "Umeshampata. Ni mimi."

Nilidhani homa imempanda kichwani. Hakuwa na homa yoyote. Alhamisi asubuhi alimwomba kitindamimba amfungulie ule ukurasa wa benki kwenye simu yake ile ya dirishani, kisha akamtuma sabuni dukani. Nywila aliiweka yeye mwenyewe siku tuliyomwandikisha, mimi ndiye niliyepewa kwa kuazimwa. Akanieleza kwamba mwaka mzima amekuwa akitusomea zile tarakimu, sasa tulifikiri hajui zinafungua nini? Alitolewa nje mara nyingi, akasema tovuti ile ina adabu mbovu lakini mtu akiizoea wanaelewana. Na swali la siri lilimchekesha sana, benki nzima kumuuliza jina lake mwenyewe.

Mimi ninayejiita mtu wa kompyuta nilihesabu wote wanaolijua jina lile, nikamsahau mwenyewe. Tulivyozoea kumsaidia, tulishamwona kama mzigo unaobebwa.

Nikamuuliza mpokeaji ni nani. Ni wewe. Namba aliitoa kwenye ile meseji uliyomtumia mwaka ule ulipokwama bila nauli, na yeye akauza cherehani yake. Hajaifuta mpaka leo. Anataka kukutumia nauli uje.

Nilianza kumkaripia, Mungu anisamehe. Nikamweleza kwamba akiitoa nauli, pesa za hospitali zitapungua, na zikipungua nafasi yake inachukuliwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nyie mnaogopa pesa kuibwa. Mimi naogopa kulazwa pale nisiamke, na mwanangu sijamwona."

Akasema pia kwamba usipokuja haendi. Hata daktari aje na gari mlangoni.

Nikaenda kuitoa simu yake kwenye unga, nikaifuta, nikamrudishia. Miezi yote hii hakuna aliyemuuliza kama anaogopa. Tulimuuliza kama amekunywa dawa, kama amekula, kama simu yake ina chaji.

Leo nimekuja dukani peke yangu, mlango nimeufunga kwa ndani, nikaingia kwenye tovuti kumfuta yule mpokeaji; Mama alinisomea tarakimu akidhani naangalia salio tu. Nilijiambia hasira zake nitazibeba, bora awe hai. Kabla ya kufuta, ikaniuliza tena jina la Mama la utotoni. Nimeandika herufi mbili, nikashindwa. Nimekaa naitazama mpaka ikanitoa nje yenyewe, na sikurudi. Pesa ni zake na mwili ni wake. Ila naogopa, mdogo wangu. Naogopa akienda hospitali na naogopa zaidi asipoenda.

Kwa hiyo nisikilize. Kesho au keshokutwa utaona pesa imeingia kwako. Irudishe siku hiyo hiyo, yote, ifike kabla ya Ijumaa. Halafu tafuta nauli yako kwingine. Kopa kwa wenzako wa ghalani, omba likizo, wakikunyima ondoka. Usiwaze kazi, kazi tutaitafuta tukiwa pamoja. Mimi nitakuchangia kwa kuuza mashine ya kopi ile ndogo, mnunuzi ninaye.

Ukishapata tiketi mpigie Mama umtajie siku. Usimwambie utajitahidi. Neno hilo umemwambia miaka mingi na analijua lilivyo.

Kuhusu benki, pesa zinabaki kwenye ile korofi. Dada yetu amekubali kwa shingo upande, na sijamweleza yote. Nitamweleza ukifika, tukiwa wote, ili akinigombeza uwe karibu.

Shemeji yako anakusalimu. Nilimwomba radhi bila kumwambia kosa, akanitazama sana kisha akauliza kama nimeiuza pikipiki yake. Kitindamimba anakusalimu na anataka umletee jezi. Dada muuguzi na watoto wake wanakusalimu. Mama hajui kama nakuandikia, lakini asubuhi hii amemwagiza kitindamimba aufungue ule mlango wa chumba chako cha zamani, kipate hewa.

Mungu akulinde njiani. Nimeandika njiani, na sitaki kusikia kwamba nimekosea.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata siku zile nilipokudhania mwizi.