Tikiti ya Mzee Nthiga

Embu, 14 Juni 1996

Kwa dada yangu Marigu, huko Laare,

Natumaini wewe na watoto hamjambo. Huku baridi imeanza, na Mama amevuna maharagwe.

Unamkumbuka Mzee Nthiga, jirani yetu wa Kianjokoma? Alishinda bahati nasibu inayochezeshwa na tajiri wangu. Alikuja kwenye dirisha langu la malipo kazini mara nne kuchukua pesa zake. Kila mara nilimwambia, "Hundi haijatoka Nairobi," kama nilivyoagizwa. Mwishowe akaniachia tikiti, akasema, "Wewe ni mtoto wetu, nifuatilie pesa zangu." Tajiri akaichana mbele yangu. Nilinyamaza nisije nikafutwa kazi.

Jumapili, kanisani, Mzee alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kumhangaikia. Nilimjibu, "Karibu, Mzee."

Tafadhali usimwambie Mama.

Ni mimi mdogo wako,
Igoki