Kompyuta ya jua na ng'ombe wa Mama Kabula

Igoma, Jumanne. Jua limewaka tangu asubuhi, ziwa limetulia kama uji uliopoa.

Mimi bahati inanipenda, hata nikijificha inanitafuta. Leo ng'ombe wa jirani yangu, Mama Kabula, aliyekuwa amelala hoi, amesimama kwa mkono huu huu wa fundi redio aliyeishia darasa la sita.

Daktari Daudi, wa mifugo, aliyesoma Ulaya, anatengeneza kompyuta isiyotaka umeme. Anasema huko wenzetu wanahangaika ili mashine zifikiri kwa mwanga. Ya kwetu ni kadi nyeusi za plastiki. Kila kadi ni dalili moja, na kila tundu ni ugonjwa wenye dalili hiyo. Unapanga kadi za dalili za mnyama wako moja juu ya nyingine, unazielekeza juani. Tundu linalopitisha mwanga hadi chini ndilo ugonjwa wenyewe.

Matundu nimetoboa mimi. Umeme una mgao, jua halina.

Mama Kabula ana ng'ombe mmoja tu wa maziwa, na uwezo wa dawa moja tu. Zamani dawa ilitoka serikalini. Siku hizi ni duka la mtu, ukikosea hurudishi.

Daktari akauliza. Homa? Ipo. Tezi? Zimevimba. Anakula?

"Anakula vizuri sana, baba."

Tukazipanga kadi, na juu yake ile ya wanaokula vizuri. Giza tupu.

"Fundi, ulitoboa au ulikwaruza?" Daktari akanitania.

Nikacheka, lakini nilishaelewa. Kwetu mfugaji hamsemi vibaya ng'ombe wake mbele ya mgeni, anaogopa jicho baya. Na majani ya jana nilikuwa nimeyaona zizini, hayajaguswa. Nikaichomoa kimyakimya kadi ya wanaokula.

Nuru moja ndogo ikaniangukia kiganjani. Ndigana kali, ugonjwa wa kupe.

"Una macho ya kichawi, wewe," Mama Kabula akaniambia, hakukasirika. Akajifunga kanga vizuri, akaenda kununua dawa.

Kumbe hata mashine ya mwanga, ukiidanganya kwa heshima, inanyamaza.

Daktari alimchoma ng'ombe sindano mchana, akasema tungoje. Jioni hii nimetoka kumtazama huyo ng'ombe. Mama Kabula amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkono mgongoni mwa mnyama. Nimesogeza maji karibu na mdomo. Hakunywa.

Pale juu nimeandika uongo. Ng'ombe hajasimama.