Tovuti ya Asali Uliyoiacha, Dada Skola

Dada yangu Skola,

Sijui huko uliko salamu huitikiwaje, lakini shikamoo. Ni miezi mitano tangu tukuzike hapa Usinge, na watu wanadhani ninakulilia tu. Nakulilia kweli. Lakini pia nakuonea wivu, dada, na sina tena wa kugombana naye, ndiyo maana nimeamua kukuandikia.

Unakumbuka siku kikundi chetu cha akina mama wafuga nyuki kilipokaa kuamua habari ya tovuti? Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nikaeleza kwamba zipo kampuni zinazokupa tovuti iliyo tayari: wao wanatunza mtambo, wanazuia wezi, wanahifadhi nakala, na sisi kazi yetu inabaki kupandisha picha na maelezo ya asali. Ukasimama baada yangu, khanga umeifunga kiunoni, ukasema tuweke mfumo wetu wenyewe, tuusimamie wenyewe, tuugeuze tunavyotaka. "Mpangaji hapigi msumari ukutani bila kumwuliza mwenye nyumba," ukasema. Nikakujibu, "Na mwenye nyumba akiumwa, nani atapanda kuziba bati?" Ukawatupia ile ya nguo ya kuazima haisitiri matako, wakapiga vigelegele, na hoja yangu ikafia hapo hapo.

Na uliiweza, ndicho kilichoniuma. Ungeshindwa ningekusamehe mapema. Kila Ijumaa jioni ulifungua kompyuta ukasasisha hiki na kile, na ukaniambia mwenyewe, "Hii ukiiacha bila kuiangalia, wezi wanaingia." Wateja wa Dar es Salaam wakaanza kuagiza asali yetu kwa jina. Nikienda kusali Tabora mjini, watu wananishika mkono: "Wewe si mdogo wake Skola wa tovuti?" Mimi mwenye mizinga yangu kumi na miwili, mimi ninayerina asali bila glovu wakati wewe nyuki mmoja tu alikukimbiza hadi barabarani, nikawa mdogo wake Skola.

Halafu kuna ule ukurasa wa mzigo wa babu. Ule niliandika mimi, kwa mkono wangu, kwenye daftari la mistari. Wewe ulikuwa shule ya bweni. Aliyebaki Kigwa na bibi akimenya karanga ni mimi. Mimi ndiye niliyesimuliwa na bibi jinsi babu yake alivyokuwa mpagazi wa misafara, akabeba mzigo begani kutoka Tabora hadi pwani, na jinsi alivyofungasha kibuyu cha asali ya kwao ili asisahau njia ya kurudi. Ulichukua daftari langu, ukachapa, na juu yake pakasomeka jina lako. Wateja waliandika kwamba walilia waliposoma. Ukanionyesha kwa furaha, wala hukuona kitu usoni kwangu.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijalisema hata kwenye kitubio.

Ulipofariki, Mama Pili, mwenyekiti wetu, alisema maneno tunayosema siku zote: mzinga wa marehemu haufunguliwi mpaka arobaini ipite na mrithi atajwe. Akaongeza, "Na tovuti nayo ilikuwa mzinga wake. Isiguswe." Akina mama wote wakaitikia kwa heshima. Katika chumba kile kizima, mtu pekee aliyejua kwamba tovuti haiwezi kukaa hivyo ni mimi. Nilinyamaza. Nilijisemea ni heshima ya msiba, lakini haikuwa heshima, dada. Nilitaka kitu chako kimoja kiharibike.

Kiliharibika. Kabla ya arobaini mteja akapiga simu kwamba akibonyeza picha ya asali anapelekwa kwenye michezo ya kamari. Tulimwita fundi Mabula kutoka mjini. Akaingia kupitia kule kwa wenye seva tuliyokodi, akafungua orodha ya wenye mamlaka ya tovuti, akanigeuzia kompyuta. Majina yalikuwa mawili tu. La kwanza lako. La pili langu, lenye mamlaka sawasawa na yako, tangu wiki ile ya mwanzo, na mbele yake pameandikwa: hajawahi kuingia.

Nikaukumbuka ujumbe wako, "Ingia basi mdogo wangu, uone." Ulinitumia mara tatu. Nilidhani unaniita nije kukupigia makofi. Nilimwambia fundi moshi umeniingia machoni, na hapakuwa na moto wowote.

Jumamosi tulikaa kikao. Nikasimama nikasema tuhamie kwenye tovuti ya kutunziwa, kisha nikawaeleza yote, hata kunyamaza kwangu. Mama Pili akaniuliza, "Mwanangu, hapo inayosema ni akili au kijicho?"

"Vyote viwili, mama," nikamjibu. "Lakini humu ndani hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuziba bati lile. Aliyeweza tumemzika."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Walikubali kwa kunyoosha mikono, taratibu, na Mama Pili alinyoosha wa mwisho.

Kwa hiyo tumehama. Zile rangi zako hazipo, na kuna mambo mengi hatuwezi kuyageuza. Ulisema kweli kuhusu msumari. Fundi alisafisha nakala ya zamani, akanielekeza namna ya kuzihamisha kurasa, nikazihamisha mimi. Nilipomaliza nikakuta mfumo mpya umeweka jina la aliyehamisha juu ya kila ukurasa. Kurasa zako zote: imeandikwa na Veneranda, imeandikwa na Veneranda. Nilichokitamani miaka yote nilipewa na mashine mchana mmoja, bila kuomba. Nikafungua ule wa kutambua asali iliyochanganywa na sukari, wenye utani wako kuhusu mkwe bahili. Nikausoma na jina langu juu yake, nikaona aibu kana kwamba nimevaa gauni lako na wewe umesimama mlangoni.

Nimerudisha jina lako, ukurasa mmoja mmoja, siku mbili nzima. Nimelirudisha kwenye kurasa zote isipokuwa mmoja. Mzigo wa babu nimeuacha na jina langu. Ukitaka kununa, nuna. Chini yake nimeongeza mstari: umechapwa na dada yangu Skola, bila yeye usingefika popote.

Wivu haujaisha. Asubuhi mteja mpya amepiga simu akaomba kuongea na Skola, na bado wivu umeniuma kidogo. Lala salama, dada. Ijumaa jioni nitaiangalia.

Mimi mdogo wako, niliyeingia wewe ukiwa umeshatoka,
Veneranda