Tende Niliyoisogeza Baharini

Dada Rehema, shikamoo. Nina jambo sijamwambia mtu: nimeigusa kazi ya Ami bila ruhusa.

Ami na wenzake wametandaza ramani ya bahari sebuleni, wanapanga pa kutia maboya yenye vyombo vya kuupima mkondo upitao hapa Mombasa kwenda kaskazini. Dada, ni mto ndani ya bahari, hauna kingo wala haupumziki, nami siku zote niliona maji tu. Maboya ni sita, basi wameweka tende sita juu ya ramani. Mgeni mmoja akajisahau, akala moja na kahawa yake.

"Bwana, umekula boya," Ami akacheka. Akanigeukia. "Mwanangu, weka nyingine pale pale."

Sikuiweka pale. Niliisogeza karibu na pwani, kwa kuwa jedwali lao la Kiingereza lasema huko ndiko maji yanakokimbia zaidi. Nikaona haya kusema. Sasa wameshapachora kwa kalamu.

Nasikia makubadhi ya Ami ngazini, anauliza nani kaisogeza tende. Nibusie mkono wa mama. Kadi hii ninayokuandikia nilikuwa nimeifunika kwa kitabu, Ami asiione. Nimekiondoa, Ami na aisome.

Mdogo wako, Zuhura