Nyuzi Sita Nukta Saba Tisa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mgongo umeacha kukusumbua kwenye cherehani. Mama na wadogo zangu hawajambo? Mimi mwili hauna neno, ila tangu Jumatatu moyo haujatulia.

Siku hiyo tulifanya mtihani wa vitendo wa kemia, wawili wawili. Nilipangwa na msichana tunayemwita Kimya. Tulichanganya asidi na besi kwenye kikombe cha plastiki, tupime joto limepanda nyuzi ngapi, kisha tukokotoe nishati iliyotoka. Kimya alisoma kipimajoto; mimi niliandika na kupiga hesabu.

Jumatano mwalimu aliingia na karatasi yetu, uso umekunjamana, akatusimamisha mbele ya darasa. Alisema kipimajoto chetu kina mistari ya nyuzi nzima tu. Mwenye macho makali atakadiria nusu, basi.

“Hii sita nukta saba tisa,” akauliza, “mmeiona kwa macho gani?”

Darasa likacheka. Akauliza aliyesoma ni nani. Kimya akanyoosha mkono. Akaambiwa amepika majibu, mtihani wake umefutwa, aende nyumbani akamlete mzazi. Mimi nitarudia jaribio na mwingine. Kimya alinitazama, akisubiri nifungue mdomo. Nilipoinamisha kichwa, alichukua begi lake akatoka.

Baba, Kimya hakupika kitu. Alinisomea nyuzi sita, tena mara mbili. Nilipokokotoa nikapata nishati ya juli 2,520, na kitabuni nilikumbuka ni kama 2,850. Nikaingiwa na hofu. Nikalichukua jibu la kitabu, nikapiga hesabu kinyumenyume hadi nikapata 6.79, nikaifuta sita yake. Sikujua kuwa joto kidogo huponyoka kikombeni, na kwamba ile sita ingetupa alama zote.

Siku mbili nilikaa na siri hii. Leo asubuhi nilimfuata mwalimu ofisini, nikamweleza yote. Kimya amerudishwa darasani. Mimi nimefutiwa mtihani. Bila alama hizo, nitarudia mwaka mzima. Nilimwomba Kimya radhi langoni mwa shule, alipokuwa akirudi. Alisema amesikia, akapita.

Barua ya shule iko njiani. Nisamehe, Baba. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Mama akinitetea, usimlaumu.

Wasalimie wote hapo nyumbani, mkubwa kwa mdogo. Nangoja neno lako, liwe chungu au tamu.

Ni mimi binti yako,
Kifungua mimba wako