Kwa Baba, Kuhusu Mechi Tuliyoipeleka Uwanja Huru

Baba mpendwa,

Barua hii naiandika wazi, aisome anayetaka, kwa sababu nililokutendea nililitenda mbele za watu, na ulilonilipa wewe pia ulinilipa mbele za watu. Ya faraghani baina yetu yalikuwa machache, na hayo nitayabakiza.

Nianze na Jumamosi zetu. Ulikuwa unafunga shughuli zako pale Zhongda, soko la vitambaa la Guangzhou, saa saba mchana, hata kama mteja bado ameshika kitambaa mkononi. Unamwambia arudi kesho, unatupia begani mfuko wako wa sampuli, unamvuta Shabani, Mzanzibari mliyekuwa mkiishi naye chumba kimoja, mnatembea dakika ishirini mpaka chuoni kwetu. Uwanja wetu ulikuwa wa nyasi bandia zilizokwisha, una mabaka kama mbwa mwenye ukurutu, na upande mmoja umepakana na bweni ambako wanafunzi wa Kichina walikuwa wakianika shuka. Jukwaa hapakuwa nalo. Ulisimama kwenye mstari wa chaki wenyewe, mpaka mshika kibendera akawa anakusogeza kwa kiwiko kila akipita.

Timu yetu ilikuwa ya wanafunzi wa kigeni: Watanzania, Wakongo, Wazambia, na golini Myemeni mmoja. Mimi nilikuwa nahodha. Ulijua majina yao wote. Yule Mkongo wa beki ya kulia ulimwita Bwana Harusi, kwa kuwa alikuwa hataki kuchafuka. Nikikosa pasi, sauti yako ilivuka uwanja mzima: "Omari! Mtoto wa Mwanaidi! Huo mguu umeazima?" Mwaka wa kwanza nilicheka. Mwaka wa pili nilijifanya sisikii. Mwaka wa tatu nilianza kuomba Mungu inyeshe mvua Jumamosi, na wewe ulikuja na mwavuli.

Kuna siku moja hukuijua yote, Baba, na leo nitaimalizia. Tulishinda, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, nimejaa matope ya pembeni mwa uwanja. Ulimfuata kocha wa timu tuliyoifunga, ukatoa kitambaa cha jezi mfukoni, ukamwambia kwa Kichina chako cha sokoni akiguse, hakishiki jasho. Ulimwita laoban, bosi, kama ulivyomwita kila mteja, wa jora moja na wa kontena zima. Kisha ukanigeukia, ukanishika kidevu, ukanifuta uso kwa kitambaa kile kile mbele ya timu mbili. Tulipoingia kubadilisha nguo, wenzangu walianza kukuiga. Ningeweza kunyamaza. Nilipanda juu ya benchi nikakuiga kuliko wote: mguu wako unaoburuza, kikohozi chako, jinsi unavyovuta ile "laobaaan" kama muadhini. Myemeni alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nilitoka nje nikakukuta unanisubiri na chupa ya maji, nikainywa.

Msimu uliofuata waandaaji wa ligi wakaja na pendekezo. Mechi moja ya kila timu, mechi ya kawaida ya ligi, itolewe nyumbani ikachezwe uwanja huru kule Foshan, mji wa jirani. Nyasi za kweli, jukwaa, taa, wageni waalikwa. Kila nahodha atie sahihi kwa niaba ya timu yake. Nilikuletea habari hiyo tukiwa tunakula chumbani kwenu, Shabani amepika wali na samaki.

"Fainali nakubali," ulisema. "Fainali haina mwenyewe, ichezwe popote. Mechi ya ligi ina mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Sisi tunaokuja."

Nilikueleza kuhusu magoti yetu na zile nyasi mbovu. Nikakueleza kwamba mwenye uwanja wake hupata upendeleo, na uwanja huru huondoa upendeleo, kila mtu anashinda kwa miguu yake.

"Kwa hiyo mnahamia mahali ambapo hakuna anayewapenda," ulisema, "ndiyo mnaita haki?"

"Baba, kule watakuwepo mawakala wa wachezaji. Hapa nani anatuona?"

"Mimi."

"Mbali na wewe."

"Shabani."

Shabani akacheka. Mimi sikucheka. Uliendelea kutoa miiba, ukasema kuna watu sokoni wanaopata nusu siku tu kwa wiki, wanaitumia kuja kuwaona vijana wao wakikimbia, na hiyo nusu siku haifiki Foshan ikarudi. Nikasema ni mechi moja tu. Ukasema, "Haya. Nahodha ni wewe."

Nilitia sahihi kesho yake. Sikutia kwa ajili ya magoti, wala haki, wala mawakala. Nilitaka Jumamosi moja nicheze mpira bila wewe. Hiyo ndiyo hoja yangu yote, na sijapata kuisikia hoja bora zaidi ya kuhamisha mechi ya nyumbani kutoka kwa mtu yeyote. Wengine huipamba tu.

Kila mchezaji alipewa kadi mbili za wageni, zinaandikishwa kwa namba ya pasipoti. Nilikwambia kadi hakuna. Zangu nilimpa msichana wa darasani kwetu na kaka yake, ambao mpira hata hawaupendi, na walikaa wakiangalia simu zao mpaka mwisho.

Ulikuja hivyo hivyo. Shabani amenisimulia mlivyopanda treni, mkapotea mlipobadilisha, ukakataa kurudi. Mimi nilikuwa nimetoka mpaka getini kumpokea wakala mmoja wa wachezaji, Mchina mwenye viatu vyeupe, aliyekuwa amemwambia kocha kwamba anataka kumwona namba nane. Namba nane nilikuwa mimi. Tulipokuwa tunaingia, mlinzi akaniita. Nikageuka nikakuona.

Hukuwa na mfuko wa sampuli. Ulikuwa umenyoa. Ulikuwa umevaa koti la kijivu ulilomshonesha fundi wa pale sokoni, nalo lilikukaa vizuri, na hukupiga kelele. Ulikuwa umesimama nyuma ya kizuizi kama mtu aliyealikwa na kucheleweshwa kidogo. Nasema hivi ili watu wajue kwamba siku hiyo hukuwa na cha kunitia aibu hata kimoja.

Mlinzi akaniuliza kwa Kichina, "Huyu mzee anasema ni baba yako. Unamjua?"

Wakala alikuwa ananitazama. Nilijibu kwa Kichina vilevile, nikiamini Kichina chako kinaishia kwenye bei na "sitaki".

"Bu renshi," nikasema. Simjui.

Ulinitazama, si kwa muda mrefu. Kisha ukamgeukia mlinzi ukamwambia, kwa Kichina kilichonyooka ambacho sikuwahi kukusikia ukikisema, "Samahani, nimemfananisha. Mwanangu ni mrefu kuliko huyu." Ukamshika Shabani mkono mkaondoka. Shabani aligeuka nyuma mara mbili. Wewe hukugeuka.

Nilicheza vizuri siku ile, Baba, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Nilitoa pasi ya bao, nikafunga la pili. Jukwaa lilikuwa na watu wengi na hakuna hata mmoja aliyelijua jina langu. Walipiga makofi kama watu wanaosubiri basi. Wakala aliondoka wakati wa mapumziko. Kumbe alikuwa amekuja kumwona namba nane wa timu nyingine.

Jumapili nilikuja chumbani kwenu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Ulifungua mlango ukatabasamu, tabasamu lile la dukani, la meno yote.

"Karibu, laoban," ulisema. "Umekula?"

Nilidhani ni mzaha wa siku moja. Ulinipakulia chakula, ukaniuliza habari za masomo, ukanisindikiza mpaka kwenye ngazi. "Karibu tena, laoban." Tangu siku ile hukunitaja tena kwa jina. Ada ulilipa. Nilipougua homa uliniletea uji na dawa, ukakaa pembeni ya kitanda mpaka nikatoka jasho, ukasema, "Pole, laoban." Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kumlea mtoto na kumfukuza kwa mkono uleule. Mechi zilirudi nyumbani wiki iliyofuata, na kila Jumamosi niliitazama chaki ya upande wa bweni. Shabani alikuwepo, peke yake. Nilimuuliza mara moja. Akasema, "Kasema ana wateja." Na sote wawili tulijua kwamba saa hizo mtaa wenu wote pale Zhongda unakujua kwa kufunga.

Miezi minane, Baba. Kisha figo zikakushika, ukaamua kurudi Tanga. Nilisema nitakusindikiza. Ulikuwa unakunja mashati yako. "Una mechi," ulisema. Akakusindikiza Shabani.

Mama aliponipigia kwamba hali imekuwa mbaya, nilipanda ndege nikakukuta bado unaongea. Siku tatu nilikaa kando ya kitanda chako. Nilikukata kucha. Nilikunyoa, na ulikuwa unanigeuzia shavu mwenyewe, bila kuambiwa, mpaka nikapata moyo. Nikasema, "Baba, nisamehe kwa siku ile."

Ulikuwa umefumba macho. "Hakuna neno, laoban," ulisema.

Uliniacha niamini hivyo kwa usiku mmoja. Ulifariki alfajiri, tukakuzika baada ya adhuhuri. Kule makaburini nilivua viatu, nikakunja suruali mpaka magotini niteremke kaburini kukupokea, kwa kuwa mimi ndiye mwanao wa pekee, na kila mtu pale aliniachia njia. Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye udongo. Baba Mdogo Hamza akanishika mkono juu ya kiwiko. Hakupaza sauti, ila watu walikuwa wamenyamaza.

"Marehemu kaacha maneno," alisema. "Omari asiteremke. Ateremke Shabani."

Shabani alianza kukataa. Baba Mdogo akamwambia ni wasia. Akateremka, analia, na mimi nikarudi nyuma nikasimama kwenye mstari pamoja na majirani, suruali imekunjwa, miguu mitupu, kila mtu ananitazama miguu. Jina langu, ulilolificha muda wote huo, ulilitoa kwa ajili hiyo tu. Shabani ndiye aliyekupokea na kukulaza. Mimi nilirusha udongo wangu kama wengine, nikapisha mwingine.

Sasa sikiliza na mimi, maana hapa huwezi kunikatiza. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Wewe ulikuwa na miaka sitini na moja, umekaa na binadamu wa kila aina, umetukanwa sokoni ukarudi kesho yake kunywa chai na waliokutukana. Wote hao uliwapa njia ya kurudi. Mimi nilikukana kwa maneno mawili, mbele ya watu watatu. Wewe ulikaa na neno hilo, ukalipika, ukalisubirisha mpaka uwe mahali ambapo siwezi kukujibu, ukalitoa mbele ya mtaa mzima na mbele ya Mama. Mama hajaniuliza mpaka leo. Ananitumia salamu, anakwepa kuniita.

Nilikuwa mkatili kwa sababu nilikuwa mjinga. Wewe hukuwa mjinga.

Nimebaki Guangzhou, nasoma shahada ya pili, na ni kocha msaidizi wa timu ileile. Mwezi uliopita waandaaji walituita tena. Safari hii wanataka mechi tatu za kila timu zichezwe uwanja huru. Nilisimama kupinga. Niliwaeleza habari hii yote, geti, koti, jibu langu, wasia wako, sikuruka kitu. Mwenyekiti akafuta miwani yake, akasema anasikitika sana, kisha akauliza, "Kwa hiyo, kocha, hoja yako kuhusu uwanja ni ipi hasa?"

Nikasema mechi ya ligi ina mwenyewe. Walipiga kura. Nilishindwa kwa kura nne. Wachezaji wangu mwenyewe walifurahi, na nilipowatazama nyuso zao sikuona ubaya wowote. Kule kuna nyasi za kweli.

Huo ndio ujumbe wangu, Baba. Sikuombi tena msamaha. Niliuomba mara moja ukanijibu kama mteja, na mteja hukubali bei au huondoka. Likizo ya mwaka mpya wa Kichina, soko likifungwa, nitakuja Tanga. Nitasimama juu ya kaburi lako kwa kuwa chini ulinikataza, na nitakaa hapo mpaka nichoke mwenyewe. Hamza anaweza kuja kunishika mkono akitaka.

Pumzika kama unaweza.

Ni mimi mwanao, utake usitake,
Omari