Ngoma Zako na Usiku wa Ijumaa

Ngoma zako zimerudi, kaka, na mwali wangu Zaina anatoka ndani. Nimeanza na hilo kwa sababu lingenipasua kifua. Sasa shikamoo, kaka yangu Salumu, huko uliko. Herufi zangu ni zile za chuo cha Kurani, unazijua zilivyopinda, lakini nitajie dada mwingine mlima huu mzima anayemwandikia marehemu wake. Hayupo.

Tangu tukuzike mengi yamegeuka. Akida kapata karani mpya, mtu wa kusomeshwa na Wadachi, mwenye viatu vinavyolia na saa ya mfukoni. Anaichungulia kabla ya kula, kama vile tumbo lake halina habari. Siku hizi mwali hachezwi mpaka huyo aruhusu. Basi nikashuka Morogoro, nikangoja barazani kwake hadi miguu ikafa ganzi, akanitamkia kwa kinywa chake: pigeni usiku wa Ijumaa. Nikashukuru, nikapanda kuwaambia watu wetu.

Alhamisi jua likazama, usiku wa Ijumaa ukaingia, kama ulivyoingia kwa bibi na babu. Tukazipasha ngoma moto. Zako, ulizozichonga mwenyewe. Hata wimbo wa kwanza haujaisha, askari hao. Wakasema tumeitangulia ruhusa siku nzima, wakazibeba. Ile kubwa waliishika mmoja huku, mmoja huku, na mimi... nikaona ni wewe unabebwa mara ya pili.

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa karani. Hakuinua hata macho. "Siku ya Serikali inaanza saa sita za usiku," akasema. "Hiyo yenu ya jua kuzama ni siku ya kuku."

Siku ya kuku! Mtu aliyezaliwa na mama Mwislamu, anayeufunga mwezi wa Ramadhani kwa kuutazama jioni ukiandama. Nilimsikitikia mama yake.

Zaina akabaki ndani. Upande wa mchumba wakaanza kununa, na shangazi zake wakanishauri tumtoe kwa kupiga masinia. Nilikataa. Ulipokuwa kitandani ulimwambia, nami nasikia, "Mjomba wako nitakutoa kwa ngoma zangu." Mkono wako ulikuwa umebaki mfupa, ila kauli ilikuwa na nyama. Na mwanangu mwenyewe, kaka, usiniulize. Ngozi imetakata, macho yametulia, hakuna mwali kama yule kutoka Kinole mpaka Dumila. Huyo nimpigie sinia?

Sasa sikia. Mke wa karani akajifungua mtoto wa kiume. Baba mtu akaalika watu maulidi, mji na mlima, maana alitaka baraza ijae. Akatangaza usiku wa Ijumaa. Yeye alihesabu kwa ile saa yake, watu wakahesabu kwa jua, na kwa maringo yake hakuna aliyejisumbua kumuuliza. Alhamisi baada ya magharibi wakamiminika, wazee wa msikitini, wapiga dufu, kanzu nyeupe mpaka uchochoroni. Mwenyewe akatoka amefunga msuli, miguu mitupu. Chungu hakijainjikwa. Mbuzi wa shughuli yuko hai, anatafuna kamba yake. Mkewe, na kitoto mkononi, analia jikoni.

Nilikaa mkeka wa mbele kabisa. Ningeweza kucheka nikaondoka, na wengi wangenisindikiza. Lakini yule mzazi kule jikoni alinitia huruma, na mimi ni dada yako. Tulikuwa tumeshuka na mizigo ya ndizi na nazi za kuuza sokoni. Nikawaambia wenzangu wamenye. Kaka, tulipika. Watu wakala, maulidi yakasomwa, mtoto akapata jina na dua. Mpaka leo mtaani kwake wanazisifu zile ndizi, na wanajua mpishi ni nani, nimehakikisha.

Karani akanifuata uani. Ile saa haikuonekana. Akaniuliza anipe nini. Nikamwambia, "Nipe ngoma za kaka yangu. Na siku ya kuku umeiona ilivyo na watu."

Kulipokucha, askari walewale waliozichukua ndio waliozipandisha mlimani, wanahema, nami nikiwatangulia mikono mitupu.

Usidhani nimemsamehe. Mtu mzima kuuza machweo ya mama yake kwa mnyororo wa saa! Ila kitoto chake kizuri, nimekipakata.

Ngoma yako kubwa nimeikagua, ngozi haikupasuka. Nakuahidi hakuna mgeni atakayeigusa. Ataipiga mdogo wetu uliyemfundisha, na akikosea nitamkemea kwa sauti yako. Pumzika, kaka. Nyumba bado inakuulizia.

Watu wote nimewaita kumtoa Zaina Jumamosi, jua utosini, maana hapo hata karani hapotei. Wewe usingoje kundi. Jua la Ijumaa likishazama nitazitoa ngoma uani na kuacha mlango wazi. Njoo kwa hesabu yetu, usiku wa Jumamosi.